Si Zumaridi, Wala Si Chupa

Nyumbani kwa mjomba wangu, hapa Mishomoroni, kuna kijisanduku cha kibiriti kisichokuwa na njiti hata moja. Ndani yake mna pamba, na juu ya pamba kuna kijiwe cha kijani kisichozidi punje ya mchele. Nakijua tangu utotoni. Siku za sikukuu tulipokwenda kumwamkia, Mjomba alikuwa akikitoa, akakiweka kiganjani na kukielekeza kwenye jua la dirishani, nasi watoto tukisukumana ili kila mmoja aone kinavyowaka. Kisha alikirudisha kwenye pamba na kusema maneno yale yale: "Hiki ndicho kilichosalia."

Wiki tatu zilizopita aliniita. Nilimkuta barazani na mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini hivi, begi limefungwa na liko tayari ukutani. Kijana alikuwa anakwenda Kasigau, kule Taita, kutafuta riziki kwenye machimbo ya vito. Mjomba akakitoa kibiriti mfukoni, akakiweka juu ya mkeka, akanitazama.

"Mwanangu, wewe waandika mambo ya Kiswahili gazetini. Haya, niambie. Jiwe hili laitwaje kwa Kiswahili? Sitaki mtoto huyu aende na ujinga niliokwenda nao mimi."

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Nilibabaika, nikasema nitarudi. Makala haya ndiyo marudio yangu, na kwa kuwa swali la Mjomba si lake peke yake, nimeona nilijibu mbele yenu, wasomaji.

Kwanza kisa chenyewe. Mwaka 1983 Mjomba naye alikwenda Kasigau, naye alikuwa kijana. Alichimba miezi kadhaa kwa sururu na mtalimbo, akila ugali na maharagwe, hadi siku moja alipopata jiwe la kijani lenye ukubwa wa korosho. Kipande kidogo kilimeguka alipokuwa akilitoa kwenye mwamba, nacho ndicho hicho cha kibiritini. Lile kubwa alilificha ndani ya soksi, akapanda basi akarudi Mombasa. Hapa mjini alielekezwa kwa mnunuzi mmoja, wakakutana kwenye mkahawa. Mnunuzi alilitazama jiwe kwa kioo cha kukuzia, akaligeuza, akalirusharusha mkononi kama mtu anayepima nazi.

"Ni zumaridi?" Mjomba aliuliza.

"Si zumaridi," mnunuzi akajibu.

"Basi ni nini?"

"Chupa tu hii, bwana. Nitaichukua kwa sababu umetoka mbali."

Alilipwa nauli, mfuko wa unga na pesa za kumnunulia mkewe doti moja ya kanga. Ilimchukua miaka mingi kufahamu alichokiuza, na alipofahamu alikuwa na jina la Kizungu tu ambalo halikai vyema ulimini mwake.

Nimekisikia kisa hiki mara nyingi, lakini ni juzi tu nilipotanabahi kwamba yule mnunuzi alisema kweli moja na uongo mmoja. Kweli ni kwamba jiwe halikuwa zumaridi. Uongo ni kwamba lilikuwa chupa. Na ile kweli ndiyo iliyoupisha uongo, kwa sababu Mjomba alikuwa na maneno mawili tu ya kuitia kitu cha kijani kinachong'aa. La kwanza lilipoanguka, likabaki la pili. Lau angekuwa na neno la tatu, angeliuliza. Huenda asingelipwa bei kamili hata hivyo, maana mwenye njaa hana mizani. Lakini angejua kwamba mazungumzo bado hayajaisha.

Tuanze basi na hayo maneno tuliyo nayo. Rangi yenyewe kwetu ni jani. Kijani ni jani dogo, na lile neno la kale la pwani, chanikiwiti, ukilipasua utakuta chani, yaani jani, na kiwiti, ambacho ndicho kibichi cha lahaja za kaskazini. Rangi tuliipata shambani. Majina ya mawe, kinyume chake, yalikuja na bahari: almasi, yakuti, feruzi, akiki, zumaridi. Hata kipimo cha vito, karati, ambayo ni sehemu ya tano ya gramu, kinatokana na mbegu ya mti fulani ambayo Wayunani waliitumia kupimia, Waarabu wakaiita qirat, nasi tukaipokea.

Zumaridi ni zumurrud ya Kiarabu, nayo wanaisimu huihusisha na smaragdos ya Kiyunani. Neno hilo hilo la Kiyunani lilipita kwenye Kilatini na Kifaransa cha kale likazaa emerald ya Kiingereza. Kwa hiyo zumaridi na emerald ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbalimbali. Ila Wayunani hawakuwa wachaguzi. Waliita smaragdos kila jiwe zuri la kijani, si jamii moja tu. Neno lilitaja rangi na thamani, halikutaja asili.

Na jiwe halikuwa mbali nasi kama tunavyodhani. Machimbo mashuhuri ya zumaridi ya kale yako Misri, katika milima ya jangwa la mashariki, mahali panapoitwa Wadi Sikait, karibu na Bahari ya Shamu. Ndani ya bahari hiyo hiyo kuna kisiwa cha Zabargad, kilikotoka jiwe jingine la kijani, lile ambalo kwa Kiarabu huitwa zabarjad. Kwa hiyo majina haya mawili yanatoka kwenye maji yaliyounganika na maji yetu, njia ile ile ya majahazi. Mkanganyiko nao ulisafiri pamoja nayo. Waandishi wa Kiarabu wa zamani wakati mwingine walilitaja jiwe moja kwa jina la jingine. Katika Biblia ya Kiswahili, orodha ya mawe ya misingi kwenye sura ya 21 ya Ufunuo inayo zumaridi na zabarajadi pia, lakini hapo zabarajadi imesimama mahali pa berili, si pa lile jiwe la kisiwani. Kumbe Mjomba si wa kwanza kupotezwa na kijani.

Alikuwapo, hata hivyo, mtu mmoja aliyekataa kupotezwa. Al-Biruni, mwanazuoni aliyezaliwa Khwarazm, Asia ya Kati, na kufariki katikati ya karne ya 11, aliandika kitabu kizima kuhusu vito. Siku zile watu waliamini kwamba nyoka akiitazama zumaridi macho yake hupasuka. Al-Biruni hakubisha kwa mdomo. Alimchukua nyoka, akamzungushia zumaridi, akamwacha nazo kwa miezi mingi, joto na baridi. Macho ya nyoka hayakudhurika hata chembe. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba alikuwa na desturi ya kupima kila jiwe kwa maji: jiwe la ukubwa fulani lina uzito mara ngapi ya maji ya ukubwa huo huo? Rangi inaweza kukudanganya, lakini uzito ni mgumu kughushi.

Mzani huo wa maji ndio utakaotutoa hapa. Zumaridi ina uzito wa takriban mara 2.7 ya maji. Jiwe la Mjomba ni la jamii yenye uzito wa takriban mara 3.6. Al-Biruni angeyatenganisha kabla ya adhuhuri. Na yule mnunuzi aliyekuwa akilirusharusha jiwe mkononi, sasa najua alikuwa akipima nini.

Mawe haya yote mawili ni silikati. Msomaji asichanganye silikati na silika, ile tabia ya kuzaliwa nayo tuliyoipata kwa Waarabu. Silikati ni madini ambayo uti wake wa mgongo ni silikoni na oksijeni, nayo ndiyo sehemu kubwa ya ganda la dunia tunalolikanyaga. Zumaridi ni silikati ya beriliamu na alumini. Jiwe la Mjomba ni silikati ya kalisiamu na alumini. Vyote viwili, vikiwa safi kabisa, havina rangi. Kijani hutiwa na chembe za vanadi au kromi zilizoponyokea ndani. Mtia rangi ni yule yule, ndiyo maana macho hushindwa. Ni kama kanzu mbili zilizochovywa kwenye beseni moja: usihukumu kitambaa kwa rangi.

Jamii ya jiwe la Mjomba huitwa garneti. Wengi wanaijua garneti nyekundu, na jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini la komamanga, kwa kuwa mawe yale mekundu yalifanana na punje za tunda hilo. Tungekuwa sisi tuliotangulia kulipa jina, pengine leo dunia ingeliita jiwe la komamanga kwa Kiswahili. Tawi lake la kalisiamu na alumini huitwa grosula, kutokana na jina la Kilatini la tunda moja la kijani la Ulaya. Wataalamu waliyaita mawe kwa matunda ya kwao, na hakuna ubaya. Kila mtu hutazama ulimwengu kutokea uani kwake.

Garneti za kijani ziko za aina kadhaa. Kuna demantoidi, iliyopata umaarufu kutoka milima ya Ural nchini Urusi na ambayo sasa hupatikana Namibia pia. Kuna uvaroviti, kijani iliyokolea, lakini fuwele zake ni ndogo mno kwa pete. Kuna jiwe zito lisilopitisha mwanga vizuri kutoka Afrika Kusini, ambalo wafanyabiashara waliliita jade ya Transvaal ilhali si jade hata kidogo. Ni grosula yenye maji ndani yake. Na kuna grosula angavu ya kijani ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo ya Mjomba. Hii huchimbwa Taita Taveta kwetu, ikiwemo Kasigau na Mwatate, Tanzania, hasa Simanjiro pande za Lemshuko na Merelani, na Madagaska. Imeonekana hata Antaktika, jambo la kushangaza mpaka ukumbuke kwamba nchi hizo zilikuwa zimeungana zamani, na mkanda mmoja wa miamba ukazipitia zote.

Hapa niruhusiwe kusimama kidogo nyumbani. Ukichimba kisima au shimo la choo Mishomoroni, hukawii kufikia mawe ya matumbawe. Ni miamba iliyojengwa na viumbe wa baharini wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Ni chokaa tupu, yaani kalisiamu. Kito hukikuti humo hata uchimbe hadi uzeeni. Sasa chukua chokaa ya namna hiyo ya bahari nyingine, ya kale zaidi, uiweke kando ya tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe. Zikunje nchi juu yake, uzike mrundo huo kilomita nyingi chini ya ardhi, uupike na kuukanda. Chokaa itageuka marumaru. Weusi wa tope utakuwa grafiti, ile tunayoandikia kwenye penseli. Na pale kalisiamu ya chokaa ilipokutana na alumini, silikoni na vanadi ya tope, ndipo jiwe la kijani lilipojitunga. Hayo ndiyo yaliyotokea Taita takriban miaka milioni 600 iliyopita. Kilomita zaidi ya 100 kutoka ufukweni, Mjomba alikuwa akichimba bahari.

Jiwe lilikaa muda wote huo bila jina. Jina lake lina tarehe, na tarehe hiyo ni ya juzijuzi. Mwaka 1967, Campbell Bridges, mwanajiolojia mzaliwa wa Uskoti, alilikuta Lemshuko, kaskazini mwa Tanzania. Machimbo ya huko yalipotaifishwa akavuka mpaka, na mnamo 1970 akalipata tena upande wetu, Taita. Inasimuliwa kwamba alijenga nyumba juu ya mti kwa sababu ya wanyama wa porini, na kwamba aliwalinda vito vyake kwa chatu, akijua jinsi watu wanavyomwogopa nyoka. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka al-Biruni. Mmoja alimtumia nyoka kuwaondolea watu hofu, na mwingine akaitumia hofu hiyo kama kufuli.

Bridges alikuwa na jiwe, lakini hakuwa na soko, maana nani angenunua kitu kiitwacho grosula? Jibu lilitoka New York. Henry Platt wa kampuni ya Tiffany, ambaye ndiye aliyekwisha kuipa jina tanzanite mwaka 1968, aliafikiana na Bridges kuliita jiwe hili tsavorite, kwa ajili ya Tsavo, na mwaka 1974 kampuni hiyo ikaanza kulitangaza. Hilo -ite la mwishoni ni mkia wa Kiyunani ambao wataalamu hulifungia karibu kila dini, samahani, kila madini. Ulaya wapo waliopendelea tsavolite. Angalia basi: jiwe la Taita, mkia wa Kiyunani, kalamu ya New York. Na Tsavo yenyewe iliyotajwa ni ile ambayo watalii waliijua kwa simba na ndovu. Hakuna kijiji cha wachimbaji kilichotajwa.

Silaumu. Jina lilifanya kazi yake. Tanzanite kabla ya 1968 ilikuwa zoisaiti ya buluu tu, na inasemekana Platt alichelea kwamba zoisaiti ingesikika kwenye sikio la Mwingereza kama neno la kujiua. Jina jipya likalitoa jiwe kwenye maabara likaliingiza dukani. Mwenye kulipa kitu jina hukipa pia bei, na bei hiyo hubaki pale jina linapofahamika. Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 1974 jina lilifahamika New York. Miaka tisa baadaye mchimbaji wa Mishomoroni aliyelishika jiwe lenyewe hakuwa amelisikia.

Na vito si mchezo. Tarehe 11 Agosti 2009 Bridges aliuawa na kundi la watu akiwa njiani kuelekea machimbo yake, katika eneo ambalo ugomvi wa nani ana haki ya kuchimba wapi ulikuwa umedumu miaka. Mwaka 2014 mahakama mjini Mombasa iliwatia watu wanne hatiani. Siwezi kusema kwamba neno la Kiswahili lingeyazuia hayo. Ila nasema kwamba penye leseni, ramani na mikataba katika lugha ambayo wengi wa wachimbaji hawaimudu, uvumi hupata nafasi kubwa. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumruhusu apate kibali, na inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali penyewe. Ni jambo jema. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na ukitaka kumweleza babu wa Kasigau ni mrabaha wa nini, huna budi kulitaja jiwe.

Majirani zetu Watanzania wametutangulia hapa. Tanzanite kwao imeshakuwa tanzanaiti; utaisikia bungeni, redioni na kwenye vijiwe vya kahawa. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Simanjiro, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa jumla ya shilingi bilioni 7.74 za Tanzania. Nchi nzima ilizungumza habari hiyo kwa Kiswahili, na hakuna aliyehitaji mkalimani kujua mtu huyo alikuwa ameuza nini.

Sisi je? Nimewapigia simu wachimbaji wawili watatu niwajuao. Wao husema grini. "Tumepata grini." Ni neno zuri la kazini, fupi, na mwenye kulisema analielewa. Lakini Taita ina zaidi ya grini moja: hutoka pia tomalini ya kijani, na bei zake si moja. Grini yaturudisha kwa Wayunani, kwenye rangi bila asili. Wengine wamependekeza zumaridi ya Tsavo. Linapendeza sikioni, nami nililipenda kwa siku mbili nzima, kisha nikaliacha. Ni jade ya Transvaal ya pili. Kijana akienda sokoni na "zumaridi", mnunuzi atapima, atasema "si zumaridi", naye atakuwa amesema kweli, na kisa cha 1983 kitaanza upya.

Pendekezo langu ni tsavoraiti. Liwe katika ngeli moja na almasi na lulu: tsavoraiti hii, tsavoraiti hizi. Mkia uwe -aiti ili lifanane na tanzanaiti, ndugu yake wa Simanjiro. Najua kuna watakaoguna kwamba Kiswahili hakina ts. Kiswahili sanifu, ndiyo. Lakini hapa Mishomoroni jirani yangu Mgiriama akiumwa na macho husema matso, nami kwa Kimvita nikasema mato. Nchi ya vitabuni kwangu ni nti, kwake ni tsi. Sauti hiyo imeketi nasi baraza moja miaka nenda miaka rudi, na jina la Tsavo twaliandika kila siku bila kulichuja. Sioni kwa nini jiwe lake tulikate ulimi. Na pale maelezo yanapohitajika, tuseme garneti ya kijani, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Jumamosi nilirudi kwa Mjomba. Kabla ya hapo, kwa idhini yake, nilikuwa nimekipeleka kijiwe kwa sonara mmoja mjini, mzee mwenye vifaa. Alisugua upande mmoja hadi ukang'aa, akakipima jinsi kinavyopinda mwanga. Zumaridi husoma 1.57 au 1.58. Kijiwe cha Mjomba kilisoma 1.74. Akaniandikia tarakimu hizo kwenye kikaratasi.

Mjomba hakujali tarakimu. Aliniambia nimwoneshe kwa mato yake. Basi nikaingia jikoni nikatoka na chupa tupu ya soda, nikamweleza kwamba chupa nayo ni ya ukoo huu huu, imetokana na mchanga ulioyeyushwa, ila chembe zake zilipoa kabla hazijajipanga, ilhali za kito zimesimama safu kwa safu kama watu walio katika swala. Kwa hiyo kito ni kigumu kuliko chupa. Nikampa kijiwe akishike kwa ncha za vidole. "Kwaruza," nikamwambia.

Alikwaruza. Mstari mweupe ukajichora kwenye chupa. Aliupitishia kidole, akaupitishia tena, na ukucha ukakwama ndani yake.

Nilimtahadharisha mjukuu: mkwaruzo huo hauthibitishi tsavoraiti. Hata kwazi, jiwe la bei rahisi, litaikwaruza chupa. Unathibitisha kwamba kilicho mkononi mwako si chupa, basi. Yanayobaki ni ya mizani na vipimo, na usikubali jina kutoka kwa mtu mmoja, hasa akiwa ndiye anayenunua.

"Tena jina lenyewe," Mjomba akasema. Nikalitaja. Akalirudia taratibu, akijikwaa mwanzoni, mara ya tatu likamkaa. Kisha akampa kijana kalamu amwandikie kwenye kibiriti, kwa herufi kubwa, juu ya ile picha ya moto. Nilitarajia akirudishe mfukoni kama kawaida. Alikiweka kwenye begi la mjukuu wake, akafunga zipu.

"Ukipata kinachofanana na hiki," akamwambia, "kwanza nipigie simu."